Chakula, mafuta ya mwili na estrojeni baada ya saratani ya matiti: jibu kwa msomaji wa Morogoro

Msomaji mmoja, mama wa miaka 56 kutoka Morogoro, ameandika hivi:

"Nilikatwa titi la kushoto, nikapewa dripu za kemo, na sasa niko mwaka wa pili wa vidonge vya tamoksifeni. Hedhi ilikoma nikiwa na miaka 50. Daktari alisema uvimbe wangu ulikuwa wa aina inayolishwa na homoni. Tangu tiba ianze nimetoka kilo 71 hadi kilo 80. Ndugu na majirani wamenikataza soya, kuku wa kisasa, mayai na maziwa, wanasema vina homoni. Wananiletea manjano ya unga na majani ya stafeli nichemshe ninywe. Je, ni kweli chakula kinapandisha homoni? Nile nini ili zishuke? Na nikila vizuri, naweza kuacha vidonge? Vinanichoma joto usiku mpaka nashindwa kulala."

Dada yangu, pole sana kwa yote uliyopitia. Naanza na swali lako la mwisho, maana hilo ndilo linaloweza kukudhuru: vidonge usiache. Kwa mwanamke ambaye uvimbe wake ulikuwa na vipokezi vya estrojeni, yaani sehemu za seli ambako estrojeni, homoni kuu ya kike, hushika, miaka 5 ya tamoksifeni hupunguza vifo vya saratani ya matiti kwa takriban theluthi moja katika miaka 15 ya mwanzo. Hesabu hiyo ilichapishwa mwaka 2011 baada ya majaribio mengi kutoka nchi mbalimbali kuunganishwa na kuchambuliwa pamoja. Hakuna mlo wowote ambao umewahi kuonyesha matokeo yanayokaribia hapo. Joto la usiku lina matibabu, kwa hiyo rudi kliniki ukalieleze kama lilivyo, usilivumilie kimyakimya. Ukiandikiwa dawa ya kulituliza, au dawa ya sonona, mkumbushe daktari kwamba unatumia tamoksifeni. Baadhi ya dawa hizo, hasa paroksetini na fluoksetini, huzuia ini kuibadilisha tamoksifeni kuwa endoksifeni, na endoksifeni ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi.

Sasa tuje kwenye chakula. Ndiyo, chakula kinagusa homoni. Lakini watu wakisikia hivyo huwaza homoni iliyomo ndani ya yai au kwenye paja la kuku, kwamba ukila inahamia kwako. Kwa mwanamke wa umri wako, estrojeni iliyomo kwenye damu umeitengeneza mwenyewe, na sehemu kubwa imetengenezwa kwenye mafuta ya mwili wako.

Nieleze vizuri, kwa sababu ukilielewa hili mengine yote yatakaa sawa. Mwanamke anapokuwa bado anapata hedhi, estrojeni yake hutoka zaidi kwenye ovari. Ndiyo maana mwaka 1896 daktari George Beatson wa Glasgow, Uskoti, aliandika kwamba uvimbe wa matiti uliokwisha kusambaa ulinywea baada ya kuwaondolea wanawake ovari, na wakati huo hata neno homoni lilikuwa halijaanza kutumika. Hedhi ikikoma, ovari hupunguza sana kazi hiyo. Hata hivyo tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo, huendelea kutoa androjeni, yaani homoni za kundi la kiume ambazo kila mwanamke anazo. Ndani ya tishu za mafuta kuna kimeng'enya kinachoitwa aromatesi, na kazi yake ni kuzigeuza androjeni hizo kuwa estrojeni. Mafuta yakiongezeka, aromatesi nayo inaongezeka.

Kuna njia ya pili, na hii haisemwi sana. Ini hutengeneza protini inayozishika homoni za jinsia zikiwa kwenye damu. Estrojeni iliyoshikwa haiingii kwa urahisi kwenye seli. Ile iliyo huru ndiyo inayoingia. Mtu anaponenepa, hasa tumboni, insulini yake, yaani homoni inayoshusha sukari ya damu, hupanda, na insulini ikiwa juu ini hupunguza kutengeneza protini hiyo. Matokeo yake, hata kama estrojeni yote kwa jumla haijaongezeka sana, ile iliyo huru inaongezeka. Kwa hiyo kitambi kinakuongezea estrojeni kwa njia mbili.

Ndiyo sababu zile kilo 9 zimenishughulisha kuliko soya na mayai yote uliyokatazwa. Usijilaumu. Kunenepa wakati wa tiba ya saratani ya matiti ni jambo la kawaida sana. Dripu za kemo huambatana na vidonge vya steroidi vinavyoongeza hamu ya kula, uchovu unamkalisha mtu ndani, na kila anayekuja kukujulia hali anabeba supu, juisi au kreti ya soda "upate nguvu, urudishe damu". Ni upendo huo. Ila upendo ukija na soda kila siku, mwili unaweka akiba.

Je, ukipungua uzito homoni zinashuka kweli? Hapa tuna jaribio zuri. Watafiti wa Seattle, Marekani, walichukua wanawake 439 waliokwisha koma hedhi, wenye uzito uliozidi, ambao hawakuwa na saratani. Waliwagawa kwa kura katika makundi manne: mlo wa kupunguza uzito, mazoezi, vyote viwili, au kuendelea kama kawaida. Matokeo yalitoka mwaka 2012. Baada ya mwaka mmoja, waliofuata mlo peke yake estradioli yao, ambayo ndiyo estrojeni yenye nguvu kuliko nyingine, ilishuka kwa takriban asilimia 16. Waliochanganya mlo na mazoezi ilishuka kwa asilimia 20, na ile protini inayoshika homoni ikapanda kwa robo. Mazoezi bila kubadili mlo yaliishusha kwa asilimia 5 tu. Wanawake wa makundi yale mawili ya mlo walikuwa wamepungua, kwa wastani, kama sehemu moja ya kumi ya uzito waliokuja nao.

Linganisha na dawa. Anastrozoli na letrozoli, ambazo wengi wa wenzako wanatumia badala ya tamoksifeni, huzuia zaidi ya asilimia 95 ya kazi ya aromatesi. Asilimia 20 ni kitu, na kwa kuwa inatokana na sahani na miguu yako ni kitu kizuri sana, lakini haiwezi kukaa mahali pa asilimia 95. Tamoksifeni yenyewe inafanya kazi kwa namna nyingine: haizuii estrojeni isitengenezwe, inakalia kipokezi kwenye seli za titi ili estrojeni isipate pa kushika. Kwa hiyo ukipungua uzito unashughulikia upande ambao kidonge chako hakiugusi. Kwako kuna sababu nyingine mbili. Tamoksifeni huweza kujaza mafuta kwenye ini, na uzito mkubwa huzidisha jambo hilo. Pia inaongeza kidogo hatari ya saratani ya ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi kwa wanawake waliokoma hedhi, na unene nao huongeza hatari hiyohiyo. Ukiona damu yoyote ukeni, hata tone, usisubiri tarehe yako ya kliniki.

Kuna jambo moja lazima nikuambie wazi, kwa sababu wanaouza vitabu na unga wa "kusawazisha homoni" hawalisemi. Homoni kushuka kidogo kwenye karatasi ya maabara na saratani kutorudi ni mambo mawili. Marekani yalifanyika majaribio mawili makubwa ya mlo kwa wanawake waliokwisha kutibiwa saratani ya matiti. La kwanza linaitwa WINS, lilikuwa na wanawake 2,437 waliokoma hedhi. Kundi moja lilipunguza mafuta katika chakula mpaka kama gramu 33 kwa siku. Matokeo ya mwaka 2006, baada ya miaka 5 hivi ya ufuatiliaji, yalionyesha saratani imerudi kwa asilimia 9.8 ya waliopunguza mafuta na asilimia 12.4 ya wengine. La pili linaitwa WHEL, lilikuwa na wanawake 3,088. Hawa walikula mboga na matunda kwa wingi ajabu, wakinywa na karibu nusu lita ya juisi ya mboga kila siku. Baada ya miaka 7 saratani ilikuwa imerudi au kutokea upya kwa asilimia 16.7 ya kundi la mboga na asilimia 16.9 ya kundi la kawaida. Hakuna tofauti.

Kilichonifunza mengi ni hiki. Ndani ya WHEL, wanawake 291 walipimwa homoni, na wale waliokula mlo ule wenye nyuzinyuzi nyingi estradioli yao iliyo huru ilishuka. Ilishuka, na bado jumla ya kundi haikunufaika kwa kutorudiwa na ugonjwa. Ukiyatazama majaribio hayo mawili kwa pamoja unaona kwamba wanawake wa WINS walipungua takriban kilo 3 kuliko wenzao, na wale wa WHEL hawakupungua. Kwangu mimi hiyo ndiyo dokezo kubwa kuliko yote, ingawa si ushahidi wa mwisho: mlo unaobadilisha mwili una maana zaidi kuliko mlo unaoongeza tu kitu kizuri juu ya vile ulivyokuwa unakula. Glasi ya juisi ya mchicha juu ya chapati tatu haijaondoa chapati hata moja.

Nyuzinyuzi zina kazi yake hata hivyo, na nazipenda kwa sababu chakula chetu cha asili kimejaa nazo. Ini likimaliza na estrojeni huifunga na kuitupa kwenye nyongo, nyongo huingia kwenye utumbo, na humo bakteria wanaweza kuifungua tena ikanyonywa na kurudi kwenye damu. Nyuzinyuzi huishika na kuiharakisha itoke. Mwaka 1982 watafiti wa Boston walionyesha kwamba wanawake wasiokula nyama walitoa estrojeni nyingi zaidi kwenye choo kuliko wanaokula nyama, na ile ya kwenye damu yao ilikuwa chini. Lengo la kutafuta ni gramu 25 hadi 30 kwa siku. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kinakupa karibu nusu ya hizo. Kunde, choroko, mbaazi na njegere ziko jirani hapo. Dona ina nyingi kuliko sembe, mapera yana nyingi kuliko ndizi mbivu, na tunda likikamuliwa juisi nyuzinyuzi zake nyingi zinabaki kwenye chujio.

Soya. Hapa najua umetishwa sana, kwa hiyo nitakaa kidogo. Hofu hii haikuzuka tu. Soya ina vitu viitwavyo isoflavoni ambavyo umbo lake linafanana na estrojeni kiasi cha kuweza kugusa vipokezi vyake. Miaka ya 1990, katika Chuo Kikuu cha Illinois, panya waliopandikizwa seli za saratani ya matiti ya binadamu walipopewa mojawapo ya isoflavoni hizo, uvimbe ulikua. Habari ikasambaa, na mpaka leo kuna wauguzi wanaowaambia wagonjwa waache soya. Lakini miili ya panya haizivunji isoflavoni kama yetu; kwenye damu yao hubaki nyingi zaidi katika hali ya kufanya kazi. Wanawake wenyewe walipofuatiliwa mambo yalikuwa kinyume. Huko Shanghai, China, ambako soya ni chakula cha kila siku, wanawake 5,042 waliotibiwa saratani ya matiti walifuatiliwa, na mwaka 2009 ikaripotiwa kwamba waliokula soya zaidi walikuwa na hatari ndogo ya kufa na ya kurudiwa na ugonjwa, wakiwemo waliokuwa wanatumia tamoksifeni. Mwaka 2012 takwimu za wanawake 9,514 wa Marekani na China ziliunganishwa, na picha ikabaki ileile. Huo ni ufuatiliaji, hauthibitishi kwamba soya inatibu, na sikuambii ule soya kama dawa. Ufuatiliaji huo unaondoa hofu tu. Uji wa unga wa lishe wenye soya kunywa, soya za kuchemsha kula, maziwa ya soya yasiyo na sukari kunywa. Nisichokishauri ni vidonge na unga wa isoflavoni zilizokolezwa vinavyouzwa kama dawa ya joto la ukomo wa hedhi. Hivyo ni kitu kingine kabisa na havijafuatiliwa kama soya ya chunguni.

Kuku wa kisasa ndiye anayeulizwa kila mahali, na hofu yake nayo ina asili yake. Zamani, huko Marekani, kuku waliwekewa chini ya ngozi ya shingo vidonge vya estrojeni bandia iitwayo DES ili wanenepe. Vilipigwa marufuku mwaka 1959, na Marekani hairuhusu homoni kwa kuku tangu enzi hizo. Basi kwa nini broila anakuwa mkubwa kwa wiki chache hivyo? Kwa sababu ya uteuzi wa mbegu. Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, kimehifadhi kuku wa mbegu za mwaka 1957 na 1978 ambazo hazikuboreshwa tena. Watafiti wake waliwalea pamoja na broila wa mwaka 2005, chakula kilekile, banda lilelile. Wakiwa na siku 56, kuku wa 1957 alikuwa na gramu 905, wa 1978 gramu 1,808, na wa 2005 gramu 4,202. Mbegu peke yake. Ninachojali kwa kuku huyo ni dawa za antibayotiki ambazo mfugaji hakusubiri ziishe mwilini kabla ya kuuza, na mafuta yanayotumika kumkaangia. Mchemshe au mchome, mvue ngozi, mle. Mayai pia kula bila woga.

Maziwa yanataka maneno mawili zaidi. Yana homoni za ng'ombe kwa kiasi kidogo, na mafuta ya maziwa ndiyo yanayozibeba. Katika kundi la wanawake 1,893 wa Marekani waliotibiwa saratani ya matiti mapema, waliotumia maziwa, jibini na krimu zenye mafuta mengi kila siku walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa; kwa yale yaliyopunguzwa mafuta uhusiano huo haukuonekana. Utafiti huo ulitoka mwaka 2013 na ni wa kufuatilia tu, lakini kwa mtu anayetaka kupungua ushauri wake haumgharimu kitu. Chemsha maziwa, yaache yapoe, engua utando wa juu, kisha tumia. Mtindi uliotengenezwa kwa maziwa hayo ni mzuri, mradi usitiwe sukari.

Na sukari? Kauli ya kwamba sukari "inalisha kansa" moja kwa moja inawafanya watu waogope hata embe. Kinachonisumbua kwenye sukari ni insulini. Mwaka 2002 watafiti wa Toronto, Kanada, walieleza kuhusu wanawake 512 wenye saratani ya matiti ya mapema na wasio na kisukari: wale ambao insulini yao wakiwa hawajala ilikuwa juu kabisa walikuwa na hatari mara mbili ya saratani kusambaa mbali, na mara tatu ya kufa, wakilinganishwa na wale wa chini kabisa. Baadaye watu wakadhani suluhisho ni metfomini, dawa ya kisukari. Jaribio la wagonjwa 3,649, karibu wote wanawake, lililotoka mwaka 2022, lilionyesha haikuzuia saratani kurudi kwa wasio na kisukari. Kwa hiyo kama kuna anayekuuzia metfomini kwa siri, mwambie hapana. Insulini ishushe kwa kiuno kupungua na kwa kuacha vinywaji vitamu. Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari inayofika vijiko vya chai 8 au 9. Chai ya maziwa yenye vijiko vitatu, mara nne kwa siku, inazidi hapo.

Pombe hujaitaja, na huenda hunywi. Ila nataka isomwe na wenzako. Pombe inapandisha estrojeni yenyewe bila kungoja unenepe. Wanawake waliokoma hedhi walipopewa gramu 15 za pombe kila siku katika jaribio lililodhibitiwa, aina moja ya estrojeni kwenye damu ilipanda kwa asilimia 7.5, walipopewa gramu 30 ilipanda kwa karibu asilimia 11. Chupa moja ya bia ya nusu lita ina kama gramu 20. Mbege, ulanzi na mvinyo "wa kuongeza damu" ni pombe vilevile. Kwa aliyetibiwa saratani ya matiti ya homoni, ushauri wangu ni kuiacha.

Manjano na stafeli sasa. Manjano ya kwenye pilau na mchuzi hayana shida yoyote. Tatizo ni kunywa vijiko vya unga kila siku, au vidonge vyake, na hasa yakichanganywa na pilipili manga "ili yafanye kazi". Rotterdam, Uholanzi, wanawake 16 wanaotumia tamoksifeni walipewa vidonge vya kurkumini, ambayo ndiyo kiini cha manjano. Ile endoksifeni niliyoitaja mwanzoni ilishuka kwa karibu asilimia 8. Kikiongezwa kiini cha pilipili manga, ilishuka kwa asilimia 12. Yaani unameza kidonge chako halafu unakipunguza nguvu kwa mkono wako mwenyewe. Majani ya stafeli nakuomba uyaache kabisa. Yana sumu ya neva iitwayo anonasini, na katika kisiwa cha Guadeloupe, huko Karibi, madaktari waliripoti mwaka 1999 ugonjwa unaofanana na Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo wa kutetemeka, miongoni mwa watu waliozoea kula tunda hilo na kunywa chai ya majani yake. Anayekuletea hana nia mbaya. Mshukuru, na mwombe siku nyingine akuletee fungu la matembele.

Kwa hiyo ule nini? Kwa kilo zako 80, lengo la kwanza liwe kupungua kilo 4 ndani ya miezi mitatu hivi, taratibu, kama theluthi ya kilo kwa wiki. Ukifika hapo na ukakaa, tafuta nyingine 4. Usifunge kula, usiishi kwa juisi. Mwili uliotoka kwenye kemo ukishindishwa njaa unapoteza misuli pamoja na mafuta, na misuli hutumia sukari nyingi ya damu. Nusu ya sahani iwe mboga za majani: mchicha, matembele, mnafu, mlenda, kisamvu kisichoogelea kwenye tui. Robo iwe maharage, dagaa, samaki, kuku au yai. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali wa dona, wali, ndizi au magimbi, na hapo ndipo wengi wetu tunapokosea, kwa kuwa tumezoea ugali ndio chakula na mengine ni mboga ya kusindikizia. Mafuta ya kupikia yapime kwa kijiko cha chakula, usimimine kutoka kwenye dumu. Kijiko kimoja kina nguvu ya kama kalori 120, na sufuria ya familia hupokea vijiko vitano sita bila mtu kuona. Asubuhi badilisha maandazi kwa kiazi kitamu au muhogo wa kuchemsha. Karanga kula, kwa kiganja kimoja, si kwa bakuli. Nyama nyekundu mara moja au mbili kwa wiki inatosha.

Kutembea kwa kasi nusu saa, siku tano za wiki, kunatosha kuanzia, na ongeza kunyanyua vitu vyepesi mara mbili kwa wiki ili kulinda misuli. Anza na uzito mdogo sana kwa mkono wa upande uliofanyiwa upasuaji, na ukiona unavimba simama na uonyeshe kliniki. Ukija kubadilishiwa dawa ukapewa anastrozoli au letrozoli, mifupa itakuwa hatarini kwa sababu estrojeni itashuka sana. Wakati huo dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa yaliyoenguliwa na jua la asubuhi vitakuwa na kazi kubwa zaidi kuliko sasa.

Wasomaji wengine wasiyachukue haya yote kama yalivyo. Aliye na miaka 38 na hedhi bado inakuja, kupungua uzito hakutashusha estrojeni yake kwa namna hii, kwa sababu inatoka kwenye ovari. Tena, kama kemo ilisimamisha hedhi yake asidhani imekoma moja kwa moja. Ovari huweza kuamka, na anastrozoli peke yake haifai kwa mtu ambaye ovari zake zinafanya kazi. Na ambaye uvimbe wake hauna vipokezi vya homoni kabisa, aina ambayo sisi Waafrika tunaipata kwa wingi kuliko wengine, asihangaike na estrojeni ya chakula hata kidogo. Uzito, sukari ya damu na moyo wake bado vinahitaji sahani ileile.

Jambo la mwisho ni vipimo. Kuna maabara zinazouza "kipimo kamili cha homoni" kwa bei kubwa na kumwandikia mtu chakula kulingana na majibu. Kwako wewe unayetumia tamoksifeni, namba ya estradioli haibadilishi tiba. Kwa wanaotumia anastrozoli au letrozoli, homoni huwa chini mno kiasi kwamba mashine za kawaida hazisomi sawasawa, na anayetumia eksemestani, dawa nyingine ya kundi hilo, dawa yenyewe inaweza kusomeka kana kwamba ni estrojeni, akatishika bure. Fedha hiyo itumie kupima sukari ya damu, lehemu na shinikizo. Nyumbani nunua futi ya fundi cherehani, upime kiuno usawa wa kitovu kila mwisho wa mwezi na uandike. Mstari unaoutafuta ni sentimita 80, na hata kabla hujaufikia, kila sentimita inayoondoka hapo ni mafuta yanayotengeneza estrojeni yamepungua. Daftari hilo nenda nalo kliniki, umwombe daktari akuunganishe na mtaalamu wa lishe wa hospitali yako.